Chungu cha Maharage na Afya ya Kaya

Haya ni maneno yaliyotolewa na Afisa Lishe wa Wilaya mbele ya wananchi katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Jarida linayachapisha kwa ajili ya kaya ambazo hazikupata nafasi ya kuhudhuria.



 

Nimeombwa nizungumze juu ya supu ya maharage. Najua wapo watakaojiuliza ni kitu gani kipya kinachoweza kusemwa juu ya maharage katika kijiji ambacho kila nyumba huyalima, huyauza na huyala. Swali hilo ni la haki. Nami nitalijibu kwa kuanzia na hali ya watoto wetu, kisha nitaingia jikoni, kwa sababu mambo haya mawili hukutana ndani ya chungu kimoja.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kwamba katika nchi yetu watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Katika utafiti wa mwaka 2015/16 idadi hiyo ilikuwa 34. Tumepiga hatua, lakini hatua hiyo ni fupi. Na jambo la kusikitisha zaidi ni hili: mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ni maghala ya chakula ya taifa, imo miongoni mwa ile yenye viwango vikubwa vya udumavu. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kudumaa katika nyumba ambayo stoo yake imejaa. Chakula kipo, ila hakimfikii, au humfikia kikiwa kimepungukiwa na kile anachokihitaji.

Kwa hiyo leo nisingependa kuzungumza juu ya kulima. Nataka tuzungumze juu ya safari fupi ya maharage kutoka kwenye gunia hadi kwenye bakuli la mtoto, kwa kuwa ni katika safari hiyo ndipo tunapopoteza mengi.

Thamani iliyomo katika punje

Nusu kilo ya maharage makavu ina protini isiyopungua ile iliyomo katika nusu kilo ya nyama mbichi ya ng'ombe. Tofauti iko katika ubora: protini ya maharage peke yake haijakamilika kama ile ya nyama. Lakini maharage yanapoliwa pamoja na ugali, wali au makande, upungufu wa kimoja hujazwa na kingine. Wazee wetu wa Upare na Usambaa waliochanganya mahindi na maharage katika chungu kimoja, na wale wa Kagera na Kilimanjaro walioyachanganya na ndizi, walilijua jambo hili kwa uzoefu kabla halijapimwa katika maabara.

Zaidi ya protini, maharage yana madini ya chuma yanayohitajika katika kutengeneza damu, na yana folati, ambayo mama mjamzito anaihitaji mno katika miezi ya mwanzo ya mimba. Yana nyuzinyuzi zinazosaidia choo na zinazofanya shibe idumu. Mtu mwenye kisukari naye hufaidika nayo, kwani sukari yake hupanda taratibu kuliko anapokula ugali mtupu.

Hata hivyo, lazima tukubali ukweli kwamba nyumba nyingi zimeanza kuyakwepa, na si kwa kuyadharau. Sababu ni moto. Akina mama hutueleza kliniki kwamba bei ya maharage wanaimudu, ila mkaa wa kuyaivishia ndio unaowashinda. Chungu kinachokaa motoni saa tatu hula mkaa ambao ungepika milo miwili mingine. Wale wanaotumia kuni nao hulipa kwa miguu yao, kwa mgongo wao, na kwa macho na vifua vinavyoathiriwa na moshi. Basi mapishi nitakayoyaeleza yanalenga kupunguza muda wa moto, kwa maana huko ndiko gharama iliko.

Kuchagua na kuloweka

Tuchukue kaya ya watu sita. Nusu kilo ya maharage makavu, yaani takribani vikombe viwili na nusu vya chai, inatosha supu nzito ya mlo mmoja, kwani maharage yakiiva uzito wake huongezeka zaidi ya mara mbili.

Tumia maharage ya msimu huu kadiri inavyowezekana. Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hujenga ugumu ambao moto hauumalizi. Mwenye kuhifadhi kwa matumizi ya nyumbani ayakaushe vizuri na kuyaweka katika mfuko maalumu usiopitisha hewa au chombo chenye mfuniko wa kubana. Bungua hukosa hewa na kufa bila kutumia dawa yoyote. Yapembue katika ungo, uondoe mawe, na utupe punje zilizotobolewa, zilizooza au zenye ukungu.

Kisha yaoshe na kuyaloweka katika maji mengi, mara tatu ya ujazo wake, jioni kabla ya kulala. Saa nane hadi kumi na mbili zinatosha. Katika maeneo yenye joto kali yasizidi hapo, kwani yataanza kuchacha. Asubuhi mwaga maji yale, uyaoshe, uweke maji mapya.

Kuloweka kunatupatia faida tatu. Kwanza, muda wa kuchemsha hupungua sana: maharage ambayo yangehitaji saa mbili na nusu aghalabu huiva kwa saa moja hadi moja na nusu. Pili, sehemu ya zile sukari ambazo utumbo hushindwa kuzimeng'enya, na ambazo ndizo huleta gesi tumboni, hutoka na maji yanayomwagwa. Tatu, hupungua pia vile vitu vya asili vilivyomo katika punje ambavyo huyashika madini ya chuma na kuuzuia mwili usiyapate. Kazi hii yote hufanywa na maji, wakati ninyi mmelala, bila kipande kimoja cha mkaa.

Kuchemsha kwa usalama

Weka maji yanayoyafunika maharage kwa vidole vitatu, funika chungu, na uwashe moto mkali mpaka yachemke kwa nguvu. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Punje chache zisizoiva zinatosha kumfanya mtu atapike na kuhara ndani ya saa chache. Sumu hiyo huharibiwa na mchemko wa kweli. Moto hafifu usiofikia kuchemsha hauiondoi. Kwa hiyo hakikisha maharage yamechemka, mapovu yakipanda, kwa muda usiopungua dakika 30, kabla hujapunguza moto au kuyahamishia kwingine.

Baada ya hapo punguza moto. Maji yakishachemka, moto mkubwa hauongezi joto lake, unaongeza mvuke tu. Chungu kinachotokota taratibu kikiwa kimefunikwa huivisha kwa muda uleule kama kile kinachofoka, kwa mkaa mchache zaidi. Ukihitaji kuongeza maji, ongeza ya moto.

Ndugu zetu waishio milimani wasishangae maharage yao yakichelewa. Kadiri tunavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Katika mwinuko wa mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi joto zipatazo 95 badala ya 100. Huko kuloweka ni lazima, na sufuria la presha ni msaada mkubwa.

Yapo pia matumizi ya kikapu cha joto, ambacho mtu yeyote anaweza kukitengeneza. Chukua tenga au kikapu kikubwa, ukijaze majani makavu ya migomba au mabaki ya vitambaa, uache nafasi ya sufuria katikati, na ushone mto wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa yakishachemka dakika zile 30, sufuria hutolewa motoni likiwa limefunikwa na kuingizwa kikapuni upesi. Baada ya saa tatu hadi nne hukutwa yamelainika. Yarudishwe motoni yachemke tena ndipo yaungwe. Mwenye kikapu hiki asiruke hatua ya mchemko wa kwanza, kwa sababu niliyoitaja.

Na kwa kuwa tunazungumza juu ya moto, Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa nyumba zenye umeme, jiko la umeme la presha huivisha maharage yaliyolowekwa kwa takribani nusu saa tangu presha ijae. Kabla mtu hajasema kwamba umeme ni ghali, apime: aandike uniti zilizotumika kwa chungu kimoja, kisha alinganishe na fedha ya mkaa wa chungu kama hicho. Hesabu hiyo ifanyike nyumbani kwa bei za hapa kwetu.

Kuhusu magadi

Swali ambalo huulizwa kila mahali ni hili: kwa nini tusiweke magadi, yanayolainisha haraka na kuokoa mkaa? Ni kweli kwamba magadi hulainisha. Lakini hulipisha gharama zake kwa njia nyingine. Huharibu vitamini B1 iliyomo ndani ya maharage. Huongeza chumvichumvi ambayo mwenye shinikizo la damu ameambiwa aipunguze. Na magadi ya asili, hasa yale yachimbwayo katika mikoa yetu ya kaskazini, aghalabu huwa na madini mengi ya floridi. Mtoto anayekula floridi nyingi tangu utotoni meno yake hupata madoa ya kahawia yasiyofutika, na ikizidi sana, mifupa nayo huathirika.

Simlaumu mama anayeweka magadi. Alirithi kwa mama yake, na alikuwa anaokoa kuni. Ninachomwomba ni kwamba kazi ya magadi sasa aipe maji ya kulowekea, hasa katika chungu ambacho mtoto mdogo na mama mjamzito watakula.

Kuunga supu

Maharage yakishalainika kiasi cha kupondeka kati ya vidole viwili, ndipo tunaunga. Nyanya, ndimu na ukwaju visitangulie, kwa sababu uchachu huzuia punje zisilainike. Chumvi nayo ni vyema ije mwishoni, kwani mchuzi hupungua motoni na chumvi iliyowekwa mapema huishia kukolea kupita kiasi.

Katika sufuria nyingine, weka vijiko viwili vya mafuta, kaanga vitunguu maji viwili mpaka viwe na rangi ya dhahabu, tia vitunguu saumu vilivyotwangwa, kisha karoti mbili zilizokatwa vipande vidogo. Fuatisha nyanya tatu zilizoiva na uziache zipondeke kabisa. Mwenye tangawizi au binzari aongeze. Teka upawa miwili ya maharage, yaponde kwa mwiko humo humo, kisha mimina maharage yote pamoja na maji yake, na uongeze maji ya moto hadi supu ifikie takribani lita mbili na nusu. Yale yaliyopondwa ndiyo yanayoipa supu uzito, bila kuhitaji unga.

Viazi viwili vilivyokatwa vitaongeza shibe. Tui la nazi, kama wafanyavyo ndugu zetu wa pwani, au karanga mbichi zilizosagwa, kikombe nusu, zitaongeza nguvu kwa mtoto ambaye tumbo lake ni dogo na haliwezi kubeba chakula kingi. Acha itokote dakika 15. Dakika tano kabla ya kuepua, tia mchicha, matembele au majani ya maboga yaliyokatwa, uonje chumvi, na ufunike.

Mezani, kamulia ndimu katika bakuli. Ndimu, chungwa, embe au nyanya mbichi huusaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage. Chai ya rangi na kahawa hufanya kinyume chake. Kwa hiyo kikombe cha chai kisinywewe pamoja na chakula; kisubiri walau saa moja. Nyumba yenye mtoto mwenye upungufu wa damu ilichukulie jambo hili kama sehemu ya mapishi.

Kama hakuna jokofu, supu iliyobaki ifunikwe, iliwe siku hiyohiyo, na ichemshwe upya kila inapoliwa. Maharage huchacha upesi.

Upawa ufike chini

Sasa nimefika mahali ambapo lengo langu lote lipo. Tumeloweka, tumechemsha, tumeunga, na chungu kimeepuliwa. Nani anapewa nini?

Katika nyumba nyingi tunazozitembelea, mtoto mdogo humiminiwa mchuzi wa juu juu ya ugali wake, ilhali punje hubaki kwa wakubwa. Hufanyika kwa nia njema: yasemwa mtoto hana meno, atavimbiwa, mchuzi ni laini. Lakini mchuzi ule ni maji yenye ladha. Protini na madini ya chuma, kwa sehemu kubwa, vimo ndani ya punje. Mtoto huyo hushiba, hulala vizuri, na mama yake huamini amekula maharage. Mwezi unapita, mwingine unapita, na kadi ya kliniki inaonesha mstari usiopanda.

Mtoto akitimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya, anaweza kula maharage yaliyolowekwa, yakaiva sana, yakapondwa na kuchujwa ili kuondoa maganda. Chakula chake kiwe kizito, kisidondoke kwenye kijiko kama maji. Asiwekewe chumvi wala pilipili. Mtolee sehemu yake kabla hujaviweka. Wa miezi sita hadi minane ale mara mbili hadi tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne. Atakapozoea, maganda yaachwe.

Mama mjamzito naye asiwe wa mwisho kupakua. Pamoja na chakula hiki aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, kwani maharage hayachukui nafasi ya vidonge.

Akina baba, hili ni lenu pia. Fedha ya mkaa, ya ndimu na ya mafuta aghalabu iko mifukoni mwenu. Na katika nyumba ambayo baba huwekewa bakuli lake kwanza, ni yeye mwenye uwezo wa kusema, "Anzeni na watoto." Akilisema, hakuna atakayempinga.

Huduma za Halmashauri

Ndugu wananchi, Halmashauri hutenga kila mwaka fedha za lishe, kwa kiwango kisichopungua shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kupitia huduma hizo, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo ya mwaka: watoto hupimwa uzito, urefu na mzunguko wa mkono, na mapishi darasa hufanyika hadharani. Mleteni kila mtoto, hata anayeonekana mnene, kwa maana udumavu hautambuliwi kwa macho. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo hutolewa mara mbili kwa mwaka, mwezi Juni na Desemba.

Kwa vikundi, ipo mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Napenda kuwapa wazo moja. Kikundi kinaweza kununua sufuria kubwa na jiko banifu, kikachemsha maharage chukuchuku kila siku, na kuyauza kwa kikombe kwa majirani, ambao kazi yao itabaki kuunga tu. Moto mmoja utahudumia nyumba 20, na kikundi kitapata kipato. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata atawaeleza taratibu za kuomba.

Walimu na kamati za shule nao nawaomba walichukue suala hili la kuloweka. Sufuria la shule ndilo linalokula kuni nyingi kuliko yote kijijini, na maharage ya wanafunzi 300 yanaweza kulowekwa jioni kwa urahisi uleule kama ya watu sita.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie kwa ombi dogo. Wakati wa kuondoka, kila kaya itapewa na mhudumu wa afya karatasi yenye hatua nilizozieleza. Jioni ya leo, kabla ya kulala, kila nyumba iloweke vikombe viwili na nusu vya maharage. Kesho, atakayepakua aufikishe upawa chini ya chungu na kuanza na bakuli la mdogo kuliko wote. Katika kikao cha robo ijayo tutapima tena watoto walewale waliopimwa leo, na tutasoma kadi zao pamoja.